Cheti cha Kinyaa

Nchi nitakayoisimulia si yako, kwa hiyo usianze kutafuta fulani ni nani. Ni nchi ya watu wema. Wananawa kabla ya kula, wanaulizana habari za nyumbani mpaka chai inapoa, na hawapendi ubaguzi. Hilo la kutopenda ubaguzi limeandikwa kwa herufi kubwa pale uwanja wa ndege, upande anaouona mgeni anapoingia. Sisi wenyeji tulilisoma siku bango lilipoanguka.

Mimi nilikuwa karani wa Tume ya Usawa wa Mikono. Ninayoyasema nimeyaona kwa macho, na mengine nimeyagonga muhuri.

Kabla ya Tume, mtu wa mashoto hakuwa na lake katika nchi hiyo. Mkono wa kushoto una kazi yake inayojulikana, kazi ya chooni, na anayekupa kitu kwa mkono huo amekutukana wewe na mama yako. Basi mtu aliyezaliwa nguvu zake zikiwa upande huo hakuajiriwa, maana nani atapokea risiti kutoka kwake. Hakupangishwa, maana atachota maji kwenye pipa la wote. Mkahawani aliambiwa chakula kimekwisha huku sufuria zikifuka moshi mbele yake. Hakuna aliyeuita huo ubaguzi. Tuliuita usafi.

Kisha akaja mgeni kutoka ng'ambo, mkubwa wa wafadhili, kutia saini msaada wa bwawa la umeme. Kalamu akaishika kwa kushoto. Rais akaitazama ile kalamu, mawaziri wakamtazama Rais, na mgeni, ambaye hakuwa mjinga, akacheka na kuuliza watu wa mashoto wanaishije hapa. Rais akajibu kwamba wanaishi vizuri mno, tena wana sheria yao. Sheria haikuwepo. Ilitungwa kabla mgeni hajamaliza kuzungushwa mbuga za wanyama.

*

Naipenda sheria ile mpaka leo, kama maandishi. Iliitwa Sheria ya Kukomesha Ubaguzi wa Mikono katika Ajira, Makazi na Mahali pa Umma. Ilisema hakuna mtu atakayenyimwa kazi, chumba, kiti cha mkahawa, kitanda cha gesti wala cha hospitali kwa sababu ya mkono aliojaliwa na Mungu. Wabunge waliijadili kwa machozi. Mmoja alisimama akasema yeye binafsi ana mkono wa kushoto, amekaa nao tangu utoto, na hajawahi kuubagua hata siku moja. Akapigiwa makofi marefu. Kura zikapigwa kwa kunyoosha mkono wa kulia, na sheria ikapita bila kupingwa.

Kifungu cha mwisho kiliongezwa na Waziri wa Usawa, Mheshimiwa Kigosi, mtu ambaye akisema "kwa kifupi" unavua viatu. Kilisema hivi: hakuna lolote katika sheria hii litakalomlazimisha raia mwema kuvumilia kinyaa cha kweli. Alikieleza Bungeni mpaka Spika akasinzia. Alisema tumewapa wenzetu haki, tena haki nono, lakini haki isiyojali tumbo la jirani ni udikteta, na serikali sikivu haiwezi kuingia ndani ya tumbo la mwananchi na kuliamrisha litulie.

Hayo maneno "cha kweli" ndiyo yaliyotupa ajira. Kinyaa cha kujifanya kilikuwa kosa la jinai, kwa hiyo ilibidi kipimwe. Likajengwa jengo la Tume kwa hisani ya wafadhili, lenye zulia, mapazia, maji ya bomba na jiko kubwa. Akateuliwa Daktari Chezue kuwa Daktari wa Kinyaa wa Taifa. Yakaagizwa mabeseni ya enameli yenye nembo ya nchi. Utaratibu ukawa rahisi kabisa: mlalamikaji wa mashoto anapika katika jiko la Tume, anapakua kwa mkono wake, na yule aliyemnyima kazi au chumba anaonja mbele yetu. Akitapika, kinyaa chake ni cha kweli, anapewa Cheti na kwenda zake. Asipotapika ni mbaguzi, anakwenda jela.

Hakuna aliyekwenda jela.

Watu wetu husemwa kwamba ni wavivu. Ungewaona wakati ule. Vilifunguliwa vyuo vya kutapika kila mtaa, asubuhi kwa watumishi wa umma na jioni kwa wafanyabiashara. Walifundishwa kwa maji ya chumvi, kwa yai viza, kwa unyoya wa kuku kooni, na waliofuzu waliweza kutapika kwa kufikiria tu. Meneja wa benki moja aliyekataa kumwajiri msichana wa mashoto alifika na wasaidizi wake wote. Akatapika yeye kwanza, akafuata naibu, akafuata mhasibu, kila mmoja akingoja mkubwa wake ajifute mdomo. Gesti ya karibu na stendi ilitundika vyeti vya wafanyakazi wake ukutani, na chini yake bango lililosema kwamba hapa hatubagui, tunachefuka tu. Askari polisi walipewa vyeti kwa pamoja, uwanjani, ili wasichelewe lindo.

Mwisho wa mwaka Mheshimiwa Kigosi akatangaza kwamba ubaguzi umekwisha nchini. Ushahidi wake ulikuwa kwamba mashauri yote yaliyofika kwenye Tume yamesikilizwa kwa haki, na hajapatikana mbaguzi hata mmoja. Taarifa ikapelekwa ng'ambo pamoja na picha za zulia.

*

Bi Siwatu Mngodo alikuja kwetu akimshika mkono mtoto wake wa kike, Tausi, aliyekuwa ndiyo kwanza ameng'oka meno ya mbele. Siwatu alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa upishi wa shughuli. Ukiwa na harusi au hitima unamwita, anaingia na masufuria yake nyuma ya nyumba, na wageni wako wanakusifu wewe. Anapopika hakuna anayemtazama, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba mwiko anaushika kwa kushoto.

Alikuwa amepanga chumba kwa Bwana Shomvi, mwenye nyumba mmoja ambaye tumbo lake lilikuwa likifika mahali kabla yake. Bwana Shomvi alimpenda sana mpangaji huyu. Kila Ijumaa alipelekewa sahani ya pilau, akaila akiwa amefumba macho, akasema mwanamke huyu atakwenda peponi. Mambo yakaharibika siku alipopita uani akamkuta Tausi anakunywa uji na kijiko kiko mkono wa kushoto. Akasimama. Akamwita mama mtu, akampa kitunguu na kisu, akamwambia akate. Mchana huohuo godoro na masufuria vilikuwa barabarani.

Hakuna mtaa uliowapokea. Walipokuja kwetu walikuwa wanalala katika banda la mkaa nyuma ya soko. Muuza mkaa aliwaruhusu kwa sababu, alivyosema yeye, mle ndani mikono yote ni myeusi. Lakini banda halikuwa na ukuta upande mmoja, masika yalikuwa yanakaribia, na mtoto alikuwa anakohoa vumbi la mkaa.

Nilimuuliza anataka Tume imfanyie nini. Akaniambia, "Chumba chenye mlango. Mtoto akae ale bila kutazamwa."

Nikamtazama yule mtoto. Alikuwa amekaa kwenye benchi na mkono wake wa kushoto ameukalia. Mama yake akanieleza kwamba shuleni mwalimu ndiye aliyemfundisha kuukalia wakati wa kula ili asiwakere wenzake, na sasa amezoea, anaukalia hata asipokula, hata akilala hujigeuza aukandamize chini ya ubavu. Nilijibu kama inavyompasa karani wa serikali. Nilisema tutaliangalia.

*

Siku ya shauri Siwatu aliingia jikoni asubuhi. Ilipofika saa ya kikao, harufu ya pilau ilikuwa imekwisha kupita chini ya milango yote. Mwenyekiti wetu, Jaji mstaafu Mkangamo, alisoma dua ya kufungua kikao akiwa anameza mate. Makamishna walikaa wakinyoosha shingo. Bwana Shomvi alikuwa kwenye kiti cha mlalamikiwa, na wakili wake pembeni yake, na beseni mbele yake. Alikuwa ameelekezwa la kufanya: tonge moja, macho juu, kisha mambo ya kawaida.

Sinia likaletwa. Siwatu akapakua kwa mkono wake wa kushoto, taratibu, kila mtu akauona. Bwana Shomvi akatia tonge mdomoni, akafumba macho.

Tukangoja. Hakufumbua macho. Akatia tonge la pili, kisha la tatu, na hapo nadhani alisahau yuko wapi, maana alianza kuchagua vipande vya nyama. Wakili akakohoa. Akamkanyaga mguu chini ya meza. Bwana Shomvi akausogeza mguu na kuomba pilipili.

Mwenyekiti alimuuliza, kwa upole, anajisikiaje.

"Kinyaa nakiona kwa mbali, Mheshimiwa," akasema, mdomo umejaa. "Niongezewe kidogo, nitakifikia."

Akaongezewa. Makamishna walitazama sinia kwa huzuni. Alikula mpaka jasho likamtiririka masikioni, akala mpaka vifungo vya kanzu vikaanza kumkana, na alipojaribu kuinuka kuomba maji, tumbo likakataa. Yaliyotoka yalilijaza beseni na kuendelea kwenye zulia la wafadhili.

Daktari Chezue akainama, akakoroga kwa kijiti cha serikali, akanusa, akasimama wima. Akatamka kwamba ni kinyaa cha kweli, tena cha daraja la kwanza.

"Huyu kavimbiwa," akasema Siwatu. Hakupaza sauti. "Mwenyekiti, mmemwona wote. Kala mpaka kavimbiwa."

Mwenyekiti akamweleza kwa subira kwamba sheria hutazama kilichomo ndani ya beseni, haitazami njia kiliyopitia. Akaamuru Cheti kiandikwe. Nikakiandika, nikakisoma kwa sauti kama ilivyo desturi: Bwana Shomvi ameonekana kuwa na kinyaa cha kweli, hana kosa, halazimiki kumpangisha mlalamikaji, na kwa ajili ya afya yake haruhusiwi tangu sasa kuingia mahali popote alipo mtu aliyemtia kinyaa.

Siwatu aliuliza swali moja. Aliuliza kama na yeye akiona kinyaa, beseni lake liko wapi.

Ukumbi ukacheka. Hata Mwenyekiti alitabasamu. Alisema swali ni zuri, lakini mama huyu lazima aelewe kwamba kinyaa cha kisheria hushuka tu, hakipandi. Mtu wa mashoto hawezi kuona kinyaa kwa sababu yeye ndiye chanzo chake, na chanzo hakijionei kinyaa chenyewe. Alisema amechoka kuyarudia mambo haya ya msingi.

Hapo Bwana Shomvi, ambaye alikuwa ameshanawa na kujifuta na kurudishiwa rangi ya uso, akanyoosha mkono. Alikuwa na ombi dogo. Kwa kuwa shauri limekwisha na kile chakula hakihitajiki tena kama kielelezo, aliomba kilichobaki afungiwe aende nacho nyumbani.

Nimefanya kazi serikalini muda mrefu. Nimegonga muhuri juu ya mambo ambayo mbwa angeyafukia. Sikuwahi kuona kinyaa hata siku moja, mpaka pale. Kilinipanda kutoka miguuni. Nilimtazama yule mtu na ndevu zake zenye mafuta ya pilau, na Mwenyekiti aliyekuwa anatafakari ombi lake kwa uzito, na sikujua niuweke wapi mkono wangu wenye muhuri.

*

Siwatu hakungoja uamuzi wa ombi hilo. Alilichukua sinia, akaliweka juu ya meza ya vielelezo, akamwita Tausi, akamketisha mbele yake. Mtoto akautazama wali. Akaangalia watu wote wale waliovaa majoho. Mkono ulikuwa chini ya paja.

"Nile na upi, mama?"

"Wako."

Tausi akauchomoa. Ulikuwa na mikunjo ya benchi. Akaupeleka kwenye sinia kidogo kidogo, kama anayejaribu maji ya moto, akachukua tonge, akala. Kisha akachukua jingine haraka, kwa sababu alikuwa na njaa.

Kumbuka kwamba makamishna wetu walikuwa wahitimu bora wa vile vyuo. Mwenyekiti alianza, akafuata makamu wake, wakafuata wengine kwa mpangilio wa vyeo, na kila aliyemaliza aliomba Cheti chake pale pale, kwa sababu hakuna mkubwa anayependa kuonekana ametapika bila karatasi. Wakili naye akaomba. Daktari Chezue akathibitisha wote, kisha akajithibitisha mwenyewe. Mimi nikaandika na kugonga, kuandika na kugonga. Walipokwisha kupata wakatoka nje mbiombio wakiwa wameziba pua.

Mimi sikutapika. Sijisifu. Karani wa daraja langu haruhusiwi kutapika mbele ya wakubwa, na walipokwisha kuondoka sikuwa na sababu tena. Siwatu akanisogezea sinia upande wangu. Nikanawa.

Tulikuwa bado tunakula nilipoanza kusikia kelele barabarani. Mwenyekiti alikuwa amekumbuka kofia yake, akataka kurudi ndani kuichukua, na Daktari akamkumbusha Cheti. Hakuna aliyeweza kuingia. Wakaitwa polisi, wakaja na gari, wakasimama getini. Vyeti vyao, vya kuchefukia mashoto wote, walivipata zamani uwanjani. Basi Mwenyekiti akaniita kwa jina, akapiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara kwamba niwatoe hao watu.

Nilitoka hadi kwenye ngazi. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba amri ya kumwondoa mtu ndani ya jengo la Tume sharti isainiwe na Mwenyekiti akiwa mezani kwake, na meza yake iko humu ndani. Akauliza kama siwezi kuitoa hiyo meza. Nikamwambia ni nzito.

Nilipogeuka, Siwatu alikuwa anakagua komeo la mlango wa mbele. Alilisukuma, akalirudisha, akalisukuma tena. Lilikuwa komeo zuri, la ng'ambo. Jioni ile muuza mkaa alileta godoro na masufuria mpaka getini, nikayapokea, na mvua ya kwanza ya masika iliponyesha hakuna aliyelowa.

*

Serikali yetu haikubali kushindwa, na hili nalisema kwa kuisifu. Tume ikahamishiwa kwenye hema. Na wafadhili walipoandika kuuliza kama kuna mtu wa mashoto yeyote aliyepata makazi kwa sababu ya sheria, Mheshimiwa Kigosi akawajibu kwamba yupo, tena amepewa na taifa jengo lenye zulia, na wakitaka waje na kamera.

Wakaja. Ulikuwa mchana. Mheshimiwa alisimama ng'ambo ya barabara, mahali alipopimiwa na Daktari Chezue, akiwa na Mwenyekiti kulia kwake, makamishna nyuma, na bendi ya polisi. Alisema kwa kifupi. Alisema yako mataifa makubwa yanayojigamba kwa haki lakini hayajawahi kumpa mtu wa mashoto hata banda, na leo dunia ishuhudie. Alisema yeye anawapenda watu hawa kutoka moyoni, na kwamba asiyewapenda atakutana na mkono wa sheria. Bendi ikapiga. Kisha, akijua kamera iko wapi, akageukia dirisha letu, akatabasamu, akapunga mkono.

Ndani tulikuwa mezani. Tausi alikuwa amepata mwili kidogo, na kikohozi kilikuwa kimemwacha. Aliona mtu anampungia, na kwa kuwa amefundishwa adabu na mama yake, akampungia naye. Alipunga kwa mkono aliokuwa anakula nao, wa kushoto, una punje za wali kwenye vidole.

Tabasamu la Mheshimiwa likakatika katikati. Akatafuta beseni kwa mkono bila kuangalia nyuma, akaletewa. Alipomaliza akafuata Mwenyekiti, kisha makamu, kisha wale wa nyuma kwa vyeo vyao, na bendi ikaendelea kupiga kwa sababu hakuna aliyeiamuru inyamaze. Daktari alikuwa ameshatoa kalamu. Wageni walipiga picha. Nilisimama dirishani nikawatazama wakubwa wa nchi yangu wameinama mstari mzima juu ya nembo ya taifa, na harufu ikaanza kuvuka barabara kuja kwetu.

Siwatu hakuinua uso kutoka kwenye sufuria.

"Bwana Karani," akasema, "funga hilo dirisha. Mtoto anakula."

Nikalifunga.